Sindano ya glukagoni: dawa nyota 5, boksi lake nyota 2

Ntaanza na hukumu kabisa, manake najua kuna wasiokuwa na subira ya kufika chini. Dawa yenyewe naipa nyota 5. Boksi iliyokuja nayo naipa 2, na hio ya pili ni ya huruma tu. Alafu ile shughuli ya kuitafuta mpaka ikafika huku kwetu Shela, kisiwani Lamu, sijui niipe nini, labda jiwe.

Kwa msiojua, nazungumzia sindano ya glukagoni, ile anayodungwa mtu wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka mpaka amezimia. Sio insulini jamani, ni kinyume chake. Nasisitiza kwa sababu kila niliyemwambia alielewa vingine, hata kwenye maduka ya dawa, lakini hio ntaifikia.

Mdogo wangu ana kisukari tangu akiwa darasa la 6, kile cha kongosho kuacha kabisa kutengeneza insulini, sio kile cha wazee wetu wa chai na halua. Sasa ni kijana wa miaka 22, anajidunga mara nne kwa siku, na kazi yake ni vibarua vya ujenzi hapa Shela, kubeba mawe na mchanga kutoka punda wanaposhushia mpaka ghorofa ya tatu, manake wageni wanataka wakikaa darini waone bahari. Watu wakisikia sukari wanawaza kupanda tu. Kumbe mtu anayetumia insulini, kinachomkesha mamake ni kushuka. Chini ya 3.9 kwenye mashine ya kupima sukari ishashuka, chini ya 3.0 ni hatari, na kuna ile ya kuwa hawezi tena kujisaidia mwenyewe, hio hata namba huulizi. Akiwa bado anajijua ni rahisi, vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda (isiwe ile ya dayeti, kuna mtu alimletea hio siku moja, Mungu amsamehe), unangoja dakika 15 unapima tena. Shida ni akishapoteza fahamu. Mdomo hapo umefungwa, ukimimina kitu kinaweza kuingia mapafuni ukamuua kwa mkono wako mwenyewe.

Ndo kazi ya hii sindano. Daktari wa kliniki anayoenda Mombasa alitueleza vizuri sana, kwamba ini letu ni kama ghala, linaweka akiba ya sukari, na insulini ndo inayofunga mlango wa ghala, glukagoni ndo mwenye funguo. Ukimdunga haumpi sukari, unamfungulia ile yake mwenyewe. Na si kitu kigeni, ni homoni ya mwili, inatoka kwenye kongosho hilohilo, na wataalamu wameijua tangu 1923, yaani mwaka mmoja tu baada ya mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini. Miaka mia na zaidi hio. Sasa nielezeni kitu cha miaka mia kinakuwaje adimu hivi.

Manake niliitafuta mimi. Nikaanzia Amu, yaani Lamu mjini, duka la kwanza kijana akanitolea pakiti ya glukosi ya unga, ile ya kulamba watoto. Nikamwambia sio glukosi, ni glu-ka-go-ni. Akasema ndo hii hii dada. Nikamwandikia kwenye karatasi, akasoma, akaenda nyuma, akarudi na glukosi ya ladha ya chungwa. Nikacheka tu nikalipa, si itatumika. Nilipokwenda Malindi harusini nikajipa asubuhi nzima ya kuzunguka maduka ya dawa, moja mama wa watu alinielewa mara moja, akanambia hio hatuweki mwanangu, hakuna anayeulizia. Na mimi nimesimama mbele yake naulizia. Mwisho ni kliniki ya Mombasa ndo ikaagizia, ikachukua wiki kadhaa, na bei ni mbuzi wa Idi, na mbuzi mwenyewe awe amenona. Kampuni siitaji manake sitaki maneno.

Alafu kuifikisha. Basi la Mombasa kuja Mokowe ni kutwa, na ilikuwa kaskazi, mwezi wa tatu, joto la kufungua vifungo. Karatasi yake inasema friji, digrii 2 hadi 8, isigande kamwe. Inaruhusu kukaa nje ya friji mpaka miezi 18 lakini isizidi digrii 25, na isipite ile tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Digrii 25! Huyo aliyeandika hajawahi kukaa Lamu na madirisha yamefungwa kwa mbu. Kwa hivyo nikaja nayo kwenye kijikopo cha baridi, barafu chini, juu yake gazeti, juu ya gazeti leso imekunjwa, alafu boksi, isiguse barafu. Jamaa niliyekaa naye akaniuliza kama ni samaki. Nikasema ndio. Ningeanza kueleza tungefika Witu sijamaliza.

Nyumbani inakaa friji, mlangoni, sio kule nyuma karibu na kigandishi. Stima ikipotea, na mnajua ikipotea huku inaweza kwenda na siku yake, tunaihamishia kwenye chungu. Chungu kikubwa, ndani mchanga uliorowa maji, katikati kichungu kidogo, juu kitambaa kibichi, kinakaa kivulini penye upepo. Nimeweka kipimajoto ndani, kwetu kinashusha digrii chache tu manake hewa ya pwani imejaa maji tayari, sio kama wa bara wanavyojisifu, lakini chache ni bora kuliko hamna. Insulini yake nayo tunaiweka hivyohivyo.

Sasa boksi lenyewe. Ukifungua kuna vitu viwili. Kichupa kidogo chenye unga mweupe, miligramu 1, na bomba la sindano ambalo tayari lina maji yake mililita 1. Unga na maji havijachanganywa, manake ukichanganya inatakiwa itumike palepale. Hivyo kazi ya kuchanganya ni yako wewe mkaribu wa mgonjwa. Unatoa kifuniko cha plastiki kwenye kichupa, unatoa ala ya sindano, unachoma ule mpira, unasukuma maji yote ndani, unatikisa polepole mpaka unga uyeyuke na maji yawe safi yasiyo na rangi kama ya kisima kizuri, unapindua kichupa juu chini, unavuta yote irudi kwenye bomba, unatoa hewa, alafu ndo unadunga, paja upande wa nje au mkono juu. Mkubwa anadungwa yote. Mtoto aliye chini ya kilo 25 anadungwa nusu, akina mama wenye watoto wa kisukari shikeni hapo.

Ukisoma hivi umekaa na kikombe cha kahawa unaona mbona rahisi. Ndo kosa langu nililofanya, nilisoma nikaona rahisi, nikaweka. Bahati yetu ile boksi ya kwanza ilipita tarehe bila kutumika, na yule nesi wa kliniki akatwambia msitupe, fanyieni mazoezi. Wallahi huyo nesi Mungu amlipe. Tukakaa sebuleni baada ya Isha, tikiti maji moja likiwa ndo mgonjwa. Ilikuwa boksi moja tu kwa hivyo mmoja alichanganya kweli na wengine wakarudia kwa ishara na bomba tupu, tena na tena, mpaka watoto wa dada wakaanza kucheza mchezo wa kuzimia uani. Mamangu alikataa kabisa. Anaogopa sindano huyu mama tangu enzi, hata mwanawe akijidunga hugeuza uso. Akakaa pembeni anasuka ukili wake, anatutazama kwa jicho moja.

Basi usiku wenyewe. Mchana mdogo wangu alikuwa amebeba mchanga tangu asubuhi, jioni akaenda mpira, akarudi amechoka, sukari ilikuwa nzuri tu 7 na kitu, akajidunga ya usiku kama kawaida, akala wali kidogo akalala. Kumbe kazi nzito inaendelea kunywa sukari hata masaa mengi baadaye, usiku mzima, sisi tulikuwa tunajua kwa kusikia lakini hatukuwa tumeionja. Saa nane usiku mama akasikia mkoromo. Si mkoromo wa usingizi, anasema ulikuwa kama wa mtu anayezama. Akaniita, "Ndoo! Ndoo hima!" yaani njoo haraka. Nikamkuta kijana amelowa jasho mpaka godoro, macho nusu wazi hayaoni, mikono inatetemeka, namwita haitiki. Nikapima, 1.8.

Hapo mjue tulipo. Hospitali iko Amu, sisi tuko Shela, na usiku ule maji yamejaa mpaka ukutani ile njia ya pwani haipitiki kwa kubeba mtu. Boti ya mashine ni kama dakika kumi na kitu lakini mpaka umwamshe nahodha, apate mafuta, mumshushe mgonjwa ngazi, mumpitishe kwenye maji, hio ni hesabu nyingine. Nikamtuma mtoto wa dada akamgongee nahodha hapohapo, kabla hata sijafungua friji. Hilo ndo nililofanya sawa.

Yaliyobaki ntasema ukweli. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko ya mgonjwa. Stima ilikuwepo lakini taa ya chumba kile iliungua wiki iliyopita na kila mtu anangoja mwenzake anunue, kwa hivyo mama kashika tochi ya simu. Nikachukua kichupa nikaanza kuchoma sindano, haiingii, nasukuma haiingii, nakaribia kulia, nikasikia mama kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, toa kile kifuniko kwanza." Mama! Aliyekuwa anasuka ukili! Nikatoa. Ningesukuma mara moja zaidi ningeipinda sindano na hakuna nyingine. Yeye ndo akaniongoza yote, sukuma maji, tikisa, sio hivyo, polepole, pindua, vuta, hewa, bado hewa, haya.

Wakati huo nyumba ishajaa. Kelele za usiku mtaani kwetu haziji na mtu mmoja. Bibi wa nyumba ya pili kaja na chupa ya asali, nia yake njema masikini, amempanua mdomo kijana anataka kumpaka kwa kijiko, nikampigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu mzima maishani mwangu, kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Mwengine akasema huyu ana mambo ya watu, hii si ya sindano, ubani uko wapi. Na maalim wa hapo jirani kaja na kanzu kageuza ndani nje, akataka kuanza kusoma. Nikamwambia maalim soma, lakini huku ukisoma nishikie huu mguu. Akashika. Kusema kweli alishika vizuri kuliko wote, na hakuacha kusoma.

Nikadunga pajani. Tukamlaza ubavu. Hilo la ubavu msilisahau manake dawa hii inajulikana kwa kutapisha, na mtu akitapika chali anapaliwa.

Alafu kungoja. Inasemwa ataanza kuamka ndani ya dakika kumi, kumi na tano. Mimi sijui kama mshawahi kungoja dakika kumi. Ya tano jasho likaanza kukata. Ya nane akavuta pumzi kubwa. Ya kumi na moja akafungua macho akamtazama maalim mguuni kwake na kanzu iliyogeuka, akasema, "Kwani nishakufa?" Watu walicheka na kulia pamoja. Akatapika papo hapo, kwenye leso yangu mpya ya Idi, nikasema tapika baba tapika. Nikapima, 4.4.

Watu wengi wangeona yameisha hapo. Hayajaisha. Ghala la ini umelimwaga, na ile insulini iliyomwangusha bado imo mwilini inafanya kazi yake, kwa hivyo akishaweza kumeza lazima ale, kwanza kitu kitamu alafu kitu cha kukaa tumboni. Tulimpa chai ya sukari, tende tatu, alafu mkate na maziwa, kwa malalamiko manake kichefuchefu kilimkaba na kichwa kilimgonga mpaka Alasiri. Nahodha alifika tukiwa kwenye tende. Tukaenda naye hivyohivyo Amu, hospitali ya King Fahd, akalazwa akaangaliwa mpaka asubuhi, sukari ikapanda hadi 13 alafu ikatulia, na daktari akampunguzia ile insulini ya usiku kwa siku za kazi nzito. Safari ya boti ile kijana amekaa anazungumza na nahodha habari za mpira. Fikiria ingekuwa amelala chini.

Kwa hivyo nyota 5 za dawa ziko hapo, sina la kuongeza.

Lakini boksi. Jamani, kitu kinachotumiwa na mtu asiye nesi, usiku, anayetazama ndugu yake anakufa, ndo unampa hatua zote zile za maabara? Maelezo ya picha yako ndani ya kifuniko, madogo madogo, kwa mwanga wa tochi hayasomeki, na Kiswahili hamna hata neno. Mama yangu angetegemea kile Kiingereza tungekuwa tunazungumza mengine. Wenzetu nje wametatua hili zamani. Kuna Gvoke, imeshachanganywa tayari, ya maji, unabana kwenye paja inajidunga yenyewe, na kuna Baqsimi ya unga miligramu 3 inayopulizwa puani, na mgonjwa hahitaji hata kuvuta pumzi, inapenya yenyewe. Zote mbili Marekani walizipitisha 2019. Hio ya puani inastahimili mpaka digrii 30, ambayo kwa kaskazi bado ni ngoma lakini si kama 25. Mimi kutoka Lamu mpaka Malindi sijaziona kaunta yoyote, na bei nilizoziona mtandaoni si mbuzi tena, ni ng'ombe na ndama wake. Mwenye jamaa nje anayeweza kumletea kwa cheti cha daktari, achukue ya puani bila kufikiri mara mbili.

Na niseme na pale isiposaidia sana, manake kuna mtu ataisifu alafu imwangushe. Kama ghala ni tupu ufunguo hauna maana. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, aliyefunga kutwa na futari hajagusa, mlevi aliyekunywa bila kula, hao huenda isiwainue vizuri, ni hospitali ya mbio. Vijana wa muguka nawatazama nyinyi pia, mnatafuna tangu adhuhuri hamsikii njaa, mnafika usiku tumbo halina kitu alafu mtu ajidunge insulini. Mdogo wangu anasema hatafuni. Haya, nimesikia. Na wazee wanaotumia vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, sukari yao ikishuka inaweza kupanda alafu ikashuka tena baada ya masaa, hao hata wakiamka wanacheka wapelekwe.

Jengine dogo, ukishanunua andika tarehe ya mwisho kwa kalamu nene juu ya boksi. Ya kwetu imeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Na uwaambie watu unaokaa nao iko wapi, manake mdogo wangu mwenyewe, mwenye ugonjwa, ndo mtu pekee nyumbani ambaye hatakuja kuitumia.

Tumeagiza nyingine. Safari hii kwa kuchanga, na bibi wa asali naye alitoa mia mbili, akasema lakini anifundishe na mimi. Ile iliyotumika mama ameiosha kile kichupa, ameweka sindano ya kushonea ndani, na boksi jipya amelishonea mfuko wa leso wenye kamba, unaning'inia mlangoni mwa friji kwa ndani, na nje amemwambia mtoto wa dada aandike kwa herufi kubwa TOA KIFUNIKO KWANZA. Taa ya chumba bado haijanunuliwa.